Testi ya akili NFL: Aliyepata 48 na aliyepata 6, nani alitoboa?

Kama ulifanya KCPE kabla ifungiwe 2023, hakuna haja tukukumbushe alama zako. Hiyo namba kati ya 500 ilikufuata kila mahali. Mathee aliitangaza kwa plot ama akaificha, anko akauliza kwa simu, jirani akalinganisha na ya mtoi wake. Mtihani wa siku chache tu, lakini watu wakaamua kichwa yako iko vipi maisha yote.

Sasa chukua hiyo presha uongeze doo ya Marekani. Kwa miaka mingi, NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani wa helmeti na mabega makubwa, ilikuwa inawakalisha vijana wa miaka 21 na 22 chini, inawapa maswali, saa inahesabu, halafu alama zinavuja kwa magazeti kabla msee hajasaini hata kontrakti. Nchi nzima inajua nani "ni mjanja" na nani "hana kitu kichwani".

Utasema hiyo ni ya wazungu, sisi huku Lindi tunachapa boli ya kawaida. Subiri kidogo. Rees Odhiambo alizaliwa hapa Nairobi, na 2016 Seattle Seahawks wakamchagua raundi ya tatu. Miaka mitatu kabla yake, Indianapolis Colts walimsaini Daniel Adongo, Mkenya wa raga ambaye hakuwa amewahi kucheza hiyo game hata siku moja. Na 2023 NFL wenyewe walikuja Nairobi na kambi ya kutafuta vipaji. Isitoshe, testi kama hizi sai ziko kwa boli ya kawaida, na kama umewahi kutuma maombi ya kazi kwa benki ama kwa zile kazi za kupokea simu, pengine umeshafanya moja. Kwa hivyo hii stori ni yako pia.

Drafti ni nini?

Si ile drafti ya vifuniko vya soda mnacheza pale maskani. Kwa NFL, drafti ni siku ambapo timu zinachagua wachezaji wapya wanaotoka vyuo vikuu, kwa zamu. Timu iliyofanya vibaya msimu uliopita kwa kawaida ndiyo inaanza. Ukichaguliwa mapema, unaomoka. Ukichaguliwa mwisho, unalipwa kidogo na unaweza kutimuliwa haraka. Usipochaguliwa, unaanza kubisha milango ukiwa mtu huru.

Kabla ya siku hiyo, mamia ya wachezaji wanaitwa kambi ya majaribio mjini Indianapolis. Wanapimwa urefu, uzito, mbio za yadi 40, wanaruka, wanabeba vyuma. Madaktari wanawaangalia magoti. Na kwa miongo kadhaa, walipimwa kichwa pia.

Maswali 50, dakika 12

Testi yenyewe inaitwa Wonderlic, kutokana na jina la Eldon Wonderlic aliyeitengeneza miaka ya 1930. Hakuwa anafikiria mpira. Alitaka njia ya haraka ya kuchagua wafanyakazi. Timu za mpira zikaichukua miaka ya 1970, na kochi Tom Landry wa Dallas Cowboys anatajwa kuwa mmoja wa walioileta.

Ina maswali 50, na una dakika 12 pekee. Piga hesabu: ni kama sekunde 14 kwa kila swali. Maswali yenyewe si magumu sana. Fikiria kitu kama hiki: chapati 4 ni shilingi 80, chapati 7 ni ngapi? Ama: 8, 4, 2, 1, namba gani inafuata? Ama unapewa maneno mawili, unaambiwa useme kama maana yake inafanana au ni kinyume. Ukipewa masaa mawili utayamaliza ukitafuna karanga. Shida ni saa. Watu wachache sana wanafika swali la mwisho, na alama 20 kati ya 50 huchukuliwa kuwa kiwango cha mtu wa kawaida.

Hoja ya timu ilikuwa hivi: huu mpira uko na vitabu vya mipango kama vya kusomea sheria. Yule anayeitwa kwotabaki, msee anayepokea mpira na kuamua aurushe kwa nani, ana sekunde mbili au tatu za kusoma wapinzani 11 kabla wamwangushe. Lazima awe na akili ya haraka. Kwa hivyo, tumpime akili.

Inaonekana ina maana, si ndio? Cheki matokeo.

Wenye alama na wenye tuzo

Ryan Fitzpatrick alisoma Harvard. Iliripotiwa alipata 48 kati ya 50. Akachaguliwa 2005 raundi ya saba, ile ya mwisho. Akacheza miaka 17, timu 9, na akapendwa sana na mashabiki. Lakini hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Vince Young, drafti ya 2006. Stori ilivuja kwamba alipata 6. Sita, kati ya hamsini. Akarudia, ikasemekana amepata 16. Watu wakamcheka kwa redio na TV. Tennessee Titans wakamchukua namba 3 hata hivyo, na mwisho wa msimu akabeba tuzo ya mchezaji bora chipukizi upande wa mashambulizi. Ukweli ni kwamba baadaye mambo yake yalienda chini, kwa hivyo hatusemi 6 ni alama ya bahati. Tunasema 6 haikutabiri msimu ule, na 48 haikutabiri mataji.

Dan Marino? Ripoti zinamweka kwenye 15 au 16. Huyo yuko kwa jumba la heshima la mpira huo, na wengi wanamhesabu kati ya warushaji bora wa historia.

Na Pat McInally, pia wa Harvard, anajulikana kwa kupata 50 kwa 50. Kazi yake kubwa NFL ilikuwa kupiga mpira mbali kwa mguu. Hata yeye amewahi kusema anadhani hizo alama zilimharibia bei, juu makochi hawapendi mchezaji mjuaji. Ukipata chini, wewe ni mjinga. Ukipata juu sana, utasumbua kochi. Sasa mtu afanye nini?

Usiseme tunachagua mifano ya kutufurahisha tu. Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha kazi iliyochukua wachezaji 762 wa drafti tatu, wakalinganisha alama za Wonderlic na vile kila mmoja alicheza baadaye. Uhusiano ulikuwa karibu sifuri. Kwa nafasi mbili uwanjani ulikuwepo kidogo, lakini kinyume: wenye alama za chini ndio walicheza vizuri zaidi. Mwishowe NFL iliondoa Wonderlic kwenye kambi yake kuanzia 2022.

Testi mpya ya kompyuta

Lakini timu hazikuacha kupima vichwa. Zilihamia kwa kitu kinaitwa S2, cha kampuni ya Nashville. Hapa hakuna chapati na shilingi. Unakaa mbele ya skrini na vibonyezo. Vitu vinapita haraka sana, vingine sehemu ndogo ya sekunde, na unabonyeza. Inapima macho yako yanafuata vitu vingapi kwa pamoja, unajizuia vipi usibonyeze ovyo, unarekebisha vipi kanuni ikibadilika ghafla. Kwa maneno mengine, inajaribu kukaribia kile kinachofanyika uwanjani.

Kwa karatasi, hiyo ni afadhali. Halafu ikafika Aprili 2023. Siku chache kabla ya drafti, alama zikavuja tena. Bryce Young alikuwa asilimia 98. C.J. Stroud, iliripotiwa, asilimia 18. Maana yake: ukichukua wachezaji 100 waliofanya hiyo testi, Stroud amewapita 18 tu. Mitandao ikawaka. Wengine wakasema timu zitoroke mbio. Yeye akajibu kwa kifupi kwamba kazi yake si kufanya mitihani, ni kucheza mpira.

Young akachaguliwa namba 1 na Carolina Panthers. Stroud akaenda namba 2, Houston Texans. Msimu huo Panthers walishinda mechi 2 na kupoteza 15. Stroud alirusha pasi za yadi 4,108, akatoa pasi 23 za kufunga, mipira 5 tu ikanaswa na wapinzani, akaipeleka timu kwa mtoano na kushinda mechi ya kwanza, halafu akabeba tuzo ya chipukizi bora. Mwaka uliofuata, 2024, baadhi ya maajenti wakawaambia vijana wao wasiguse hiyo testi kabisa.

Tuwe wakweli hapa. Mpira ni wa timu, na Young aliwekwa kwa kikosi kibovu, hivyo msimu mmoja haumhukumu. Na kuna Brock Purdy. Alichaguliwa wa mwisho kabisa 2022, namba 262, na iliripotiwa alama zake za S2 zilikuwa juu sana. Februari 2024 alikuwa anaanza Super Bowl akiwa na San Francisco 49ers. Kwa hivyo testi inaweza kuona kitu ambacho macho ya skauti yamekosa. Shida inaanza pale namba inaacha kuwa dokezo na inageuka kuwa hukumu.

Namba ikishikwa na mtu mbaya

Hiyo Wonderlic iko na historia nyingine ambayo haitajwi sana kwa michezo. Kampuni ya umeme ya Duke Power, jimbo la North Carolina, ilikuwa inaweka wafanyakazi wake weusi kwa idara moja tu, ile ya kazi ngumu na mshahara mdogo. Tarehe 2 Julai 1965 sheria ya kukataza ubaguzi kazini ikaanza kufanya kazi. Siku hiyo hiyo kampuni ikaleta sharti jipya: ukitaka idara nzuri, pita testi mbili kwanza. Moja ilikuwa Wonderlic.

Ona hiyo akili. Huwezi kusema "weusi hawaingii", basi unasema "wenye alama za chini hawaingii", huku unajua watu weusi wa jimbo hilo walipelekwa shule duni makusudi. Kesi ya Griggs na wenzake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka wa 1971 mahakama ikaamua: testi ya kazi lazima ihusiane na kazi yenyewe. Huwezi kumpima mtu msamiati ndio umruhusu kushughulikia makaa ya mawe.

NFL nayo ikajikuta kwa ngori kama hiyo, sasa si kwa mlango wa kuingia bali wa kutoka. Wachezaji wengi waliostaafu wana ubongo ulioumia kwa sababu ya kugongwa kichwa miaka na miaka. Ligi ikakubali kulipa fidia. Lakini kwa kupima nani ameumia, hesabu zilizotumika ziliweka wachezaji weusi kwenye kiwango cha chini cha kuanzia. Yaani, kama mchezaji mweusi na mweupe wamepata alama sawa kwa testi ya kumbukumbu, mweupe angehesabiwa ameharibika, mweusi angeambiwa "wewe uko kawaida". Hakuna kuumia, hakuna doo. Wachezaji wawili wa zamani, Kevin Henry na Najeh Davenport, wakaenda kortini 2020. Mwaka uliofuata NFL ikasema itaacha hiyo hesabu.

Hata sisi tushapimwa

Usidhani hayo ni ya ng'ambo pekee. Miaka ya 1930, hapa hapa Nairobi, daktari wa kikoloni H. L. Gordon, aliyefanya kazi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikuwa anahubiri kwamba Mwafrika wa Kenya ana akili pungufu kwa kuzaliwa. Mwenzake F. W. Vint alipima ubongo wa maiti za Waafrika na kudai ni mdogo. Hayo yaliandikwa kama sayansi, na kulikuwa na watu waliotaka serikali iyatumie kuamua kama watoto Waafrika wasomeshwe na kwa kiasi gani.

Sasa linganisha na utafiti wa Embu. Watoto wa huko walipimwa 1984, halafu watoto wengine wa rika hilo wakapimwa 1998. Alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Watafiti waliangalia vitu vingine: wazazi waliojua kusoma walikuwa wameongezeka, familia zilikuwa na watoto wachache, chakula na afya zilikuwa bora. Kumbe hiyo alama inapima hadi sahani yako.

Mfano mwingine ni wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake, kwa kazi waliyoichapisha 2001, waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwauliza kuhusu dawa za miti shamba: ugonjwa huu unatibiwa na nini, unapewa kiasi gani. Pia wakawapa testi za kawaida za msamiati. Waliofanya vizuri kwa dawa walielekea kufanya vibaya kwa msamiati. Hao watoto walikuwa wameweka bidii pale maisha yao yaliihitaji. Na kama wewe ni Mluo unajua tayari kwamba akili haina jina moja. Kuna rieko, ya kujua vitu. Kuna luoro, heshima. Kuna winjo, kuelewa mambo. Kuna paro, kufikiria na kuanzisha jambo. Testi ya shule inagusa rieko, basi.

Ama mchukue makanga wa mathree. Ameshika noti za watu 33, anakumbuka nani hajapewa chenji, anaita abiria, anacheki karao mbele, na anajua nani anataka kushuka bila kulipa. Mpe karatasi ya Kiingereza ya dakika 12 umwambie hana akili.

Boli yetu je?

Hapa kuna habari ya kumsaidia mtoi anayechapa boli Kamukunji. Mwaka wa 2012, watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwapima wachezaji wa boli ya kawaida wa ligi za juu na za chini. Hawakuuliza msamiati. Waliangalia mtu anapata njia mpya haraka vipi huku akifuata kanuni na bila kurudia alichofanya. Wa ligi za juu walikuwa mbele, na waliofanya vizuri zaidi walielekea kuwa na mabao na asisti nyingi baadaye. Ni kikundi kidogo cha watu, kwa hivyo tusipige kelele sana, lakini kinaonyesha kwamba testi inayofanana na kazi inaweza kuwa na maana. Ndio maana klabu za Ulaya zinazidi kuweka vijana mbele ya skrini.

Siku akademi, ajenti ama kampuni itakukalisha mbele ya testi kama hii, uliza vitu vitatu.

Kwanza, inapima nini, na hicho kitu kinahusiana vipi na nafasi yangu? Kama hawawezi kueleza, hiyo testi ni ya kupunguza foleni tu. Uliza pia kama iko kwa Kiswahili. Kusoma Kiingereza polepole si kufikiria polepole.

Pili, nani anabaki na alama zangu? Kenya iko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Uko na haki ya kuambiwa data yako inatumika vipi, kuiona, na kuomba irekebishwe ikiwa si sahihi. Kama hujafika miaka 18, mzazi ama mlezi lazima akubali. Na kama ni mashine pekee imeamua ukatwe, unaweza kupinga na kutaka binadamu aangalie. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inapokea malalamishi. Stroud na Young walivujishiwa alama wakiwa na mawakili na maajenti kila upande. Wewe wa Lindi uko na nani? Ndio maana ujue haki yako kabla usaini.

Tatu, naweza kufanya mazoezi? Hizi testi zinazoeleka. Tukiamini ripoti, Vince Young alitoka 6 hadi 16 kwa kichwa kile kile. Wachezaji wa Marekani wanalipiwa watu wa kuwafunza kabla ya siku yenyewe. Wewe tafuta maswali ya mfano kwa simu, jipimie dakika 12, fanya na mbogi yako. Siku ya testi lala mapema na ule kabla ya kuenda.

Na ukipata chini, chukua hiyo alama vile unachukua muda wako wa mbio: ni kipimo cha siku moja, cha kitu kimoja. Uliza umekosea wapi, halafu rudi uwanjani. Timu 31 zilikuwa na nafasi ya kumtaka Stroud kabla Houston hawajamchukua, kwa kupanda drafti ama kubadilishana zamu. Houston walikuwa na ile asilimia 18 kama kila mtu, lakini walikuwa pia wameangalia mechi zake.